Mahali pa Kumweka Mama

Miaka ishirini na sita Yeom Deoksu alikuwa akihamisha watu mjini Bucheon, na kama kuna kitu alichojivunia duniani ni jicho lake. Wenzake walitembea na futi ya kupimia kiunoni. Yeye alisimama tu mlangoni, akafumba jicho moja, akasema, "Sofa ipite kwa mgongo, friji pale, meza igeuzwe," na ikawa hivyo hivyo. Mteja akibisha, alipewa maneno ambayo kikosi kizima cha wahamishaji kilikuwa kimeyachoka: "Nyumba ndogo haitaki kuta, mama. Inataka pumzi."

Kikosi chenyewe kilikuwa na watu wanne. Wanaume watatu wa vitu vizito, na mwanamke mmoja wa jikoni, ambaye kazi yake ni kufunga sahani na mitungi ya mteja na kuipanga upya kule aendako, hata jioni ile ile mwenye nyumba afungue droo akute kijiko pale alipokizoea. Mwanamke huyo alikuwa mkewe, Mama Ungi. Zile siku ambazo kalenda inasema mizimu haizururi, na kila mtu mjini anataka kuhama, walihamisha nyumba mbili kwa siku moja, ngazi ya lori, ile inayopandisha mizigo kwa mota, imeegemezwa dirishani ghorofa ya kumi na tatu. Wakirudi kwao walikuwa na nguvu ya kunawa miguu tu.

Kwao kulikuwa kudogo. Ghorofa ya tano katika jengo la zamani, vyumba viwili vya kulala, na katikati sebule na jiko. Hapo awali jiko lilitengwa kwa mlango wa vioo wa kusukuma pembeni. Deoksu aliung'oa kwa mikono yake. Halafu akabomoa na ukuta wa roshani, sebule ikafika mpaka dirishani. "Angalia," alimwambia mkewe, nyusi zimejaa vumbi, "tumepata pumzi." Mkewe akasema ni kweli, ila harufu ya samaki nayo imepata pumzi, sasa inalala naye mto mmoja. Chumba kimoja walilala wao wawili. Cha pili alilala na kusomea kijana wao Ungi, mwenye miaka ishirini na saba, ambaye alikuwa akijiandaa kwa mara ya nne kufanya mtihani wa kuajiriwa serikalini.

Majira ya kuchipua mama yake Deoksu aliteleza uani kwake, kijijini Gurye, akavunjika mkono. Mkono ulipona, lakini ikawa wazi kwamba hawezi tena kukaa peke yake. Hapo ndipo simu zilipoanza kulia. Dada yake mkubwa, Bunnam, aliishi Cheonan, na alikuwa na chumba kitupu na mdomo usio na breki.

"Mlete kwangu," alisema Bunnam.

"Dada, mimi ndiye mtoto wa kiume mkubwa. Watu watasemaje?"

"Watasema mama analala kwenye chumba chenye mlango."

"Nyumba yangu naijua mwenyewe. Nitampatia mahali."

"Hee! Utampatia mahali kama unavyolipatia mahali kabati."

Baada ya kufokeana wiki nzima walielewana. Mama akae kwa Deoksu mpaka siku yake ya kuzaliwa, mwezi wa kumi kwa hesabu ya wazee, atakapotimiza miaka themanini na miwili. Siku hiyo wote watakaa chini waone. Ikionekana hakupewa utulivu, Bunnam anamchukua, na Deoksu hatafungua mdomo. Tusimwonee, alimpenda mama yake. Ila mapenzi yake na sifa yake vilikuwa vimefungwa kwenye furushi moja, na hakujua kutenganisha hiki na kile. Jambo lililomnyima usingizi ni kusikia kijijini wakisema mtoto mkubwa wa akina Yeom kashindwa kumtunza mama yake.

Basi akapanga. Mteja mmoja aliyekuwa akihama alikuwa na kitanda cha jiwe asichokitaka tena, kile chenye waya za umeme ndani, ukilala unapata moto mgongoni. Uzito wake kilo mia tatu. Deoksu na vijana wake walikipandisha kwa ngazi ya lori, wakakiweka pale dirishani palipokuwa roshani. Kichwa kikaelekea mashariki, si kaskazini wanakolazwa wafu. Jua la asubuhi likamulika miguuni. Televisheni ikageuzwa imtazame mama. Friji ya kimchi, ile ndogo ya kuhifadhia kabichi ya kuchachua, ikasukumwa mpaka pembe ya jiko, karibu na pipa la mchele, na sofa ikarudishwa nyuma mpaka ikagusa mlango wa choo. Wenzake walipiga makofi. Akapiga picha, akamtumia Bunnam: "Mama analala kama malkia." Bunnam akajibu kwa alama ya dole gumba, basi.

Mama akafika. Mwanamke mdogo wa mwili, kijijini wakimwita Mama wa Hadong kwa sababu ndiko alikotolewa kuolewa. Alikizunguka kitanda, akakigusa.

"Kizuri," akasema. "Kizuri mno."

Na kila siku, watu wakiamka, walikuta matandiko yamekunjwa juu ya jiwe, pembe kwa pembe, na mama amekwisha vaa na kuchana nywele.

"Mama anaamka na jogoo," Deoksu alisema kwa majivuno.

"Bucheon kuna jogoo gani?" alijibu Mama Ungi. Yeye alikuwa ameona mengine. Mama hakujilaza mchana hata alipokuwa na homa. Alishinda kwenye benchi chini ya jengo, mvua ikinyesha alikaa kwenye ngazi. Na siku hizi alitembea ameshika kiuno. Alimwambia mumewe mara mbili. Mara zote mbili mumewe alisema, "Uzee huo," akageukia ukutani akalala. Maneno hayo mawili yalikuja kumchoma baadaye kuliko matusi yote ya dada yake.

Siku ya kuzaliwa ikafika, baridi imeanza kung'ata. Bunnam, ambaye dole lake gumba halikuwa na imani ndani yake, hakungoja saa ya wageni. Aliondoka Cheonan gizani, akaletwa na mumewe kwa gari, na saa kumi na mbili asubuhi akashushwa mlangoni na sufuria la supu ya mwani mikononi, maana mtu siku yake ya kuzaliwa lazima afungue kinywa kwa supu hiyo. Mumewe akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari. Alikuwa mtu wa busara. Alitafuta kwa muda mrefu sana.

Namba za mlango Bunnam alizijua. Akabonyeza, mlango ukaimba wimbo wake, akaingia, akavua viatu. Kitanda cha jiwe kilikuwa kitupu, matandiko yamekunjwa. Akadhani mama yuko chooni. Akaenda jikoni kuweka sufuria, na mguu wake ukagonga mguu wa mtu.

Ukelele alioupiga uliamsha hata wa ghorofa ya nne. Deoksu alitoka mbio na fulana, Mama Ungi nyuma yake, na Ungi akachungulia kutoka chumbani mwake, miwani upande. Mama alikuwa sakafuni, katikati ya friji ya kimchi na pipa la mchele, penye nafasi ya mtu mmoja kulala ubavu. Chini yake kijigodoro chembamba cha kukalia. Alikuwa ameketi, kiganja kimeziba kinywa.

"Deoksu!" Bunnam alikuwa bado amekumbatia sufuria. "Umemlaza mama jikoni? Kama mjakazi? Hata mjakazi hupewa mkeka!"

"Dada, mimi... Mama, unafanya nini hapo?"

"Geukeni," alisema mama, kiganja bado kinywani. "Geukeni kwanza, nyote."

Wakageuka. Nyuma yao walisikia anapapasa nyuma ya pipa la mchele, kikombe kikagonga sakafu. Walipogeuka tena alikuwa na meno kinywani na uso wake wa siku zote.

"Ni mimi mwenyewe niliyependa," akasema. "Hapa sakafu ina joto. Huko kwenye jiwe mgongo unachoka. Msimlaumu mtu."

Deoksu akashukuru moyoni. Akapata na la kumjibu dada yake. Akachutama, akaweka kiganja sakafuni, kama kila mtu wa kwao anavyofanya akiingia nyumba wakati wa baridi, apate kusema, "Umeona? Pana joto kweli." Sakafu ilikuwa baridi kama tumbo la samaki. Naye ndiye mtu aliyewaambia wateja maelfu kwamba mabomba ya maji moto yanayopasha sakafu hayapiti pembe ya jiko, ndiyo maana friji ya kimchi huwekwa hapo. Kiganja kikabaki pale pale. Akaona Bunnam anamtazama, halafu Bunnam naye akainama akagusa, wala hakusema kitu. Afadhali angetukana.

"Miezi saba?" Mama Ungi aliuliza kwa sauti ndogo. "Mama, miezi yote saba?"

"Nakwenda mkishalala. Narudi hamjaamka. Nimemsumbua nani?"

"Kwa nini lakini?" Deoksu aliinua uso. "Kitanda kile wazee wengine wanakiota tu. Kina moto, kina jua, kina televisheni. Kimekosa nini?"

Mama akashika friji, akainuka.

"Nenda ukalale," akasema.

"Wapi?"

"Juu ya kitanda chako cha malkia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda. Na nyinyi wengine endeleeni na shughuli kama kila siku. Bunnam, bandika supu. Ungi, ulikuwa unakwenda chooni; nenda."

"Bibi, naweza kungoja."

"Jana hukungoja. Nenda."

Mtu wa miaka hamsini na sita, mgongo mpana kama mlango, akapanda kitandani na fulana yake mbele ya watu. Mwanzoni alitaka kucheka. Alilala chali, akaona dari. Akageuza kichwa, akaona jiko lote, mkewe na dada yake wamesimama, nao wanamwona yeye kuanzia unyayo mpaka upara. Akageuka upande wa pili, dirishani, na jengo la pili lilikuwa karibu kiasi kwamba alimwona mtu anayepiga mswaki, na mtu huyo akamwona. Akarudi chali. Ungi akapita, akakaribia kukanyaga blanketi, akasema "Samahani, baba," akaingia chooni. Choo kilikuwa hatua tatu. Kila kilichofanyika mle ndani Deoksu alikisikia, na Ungi alijua kwamba kinasikika, maana alifungua maji ya bomba ili kuficha. Alipotoka alikuwa ameinamisha kichwa. Baba mtu akagundua kuwa yeye mwenyewe hupita pale kila usiku mara mbili na fulana na chupi, wala hajawahi hata kufungua bomba.

Akakunja miguu. Akaikunjua. Hakujua aweke wapi mikono. Mama Ungi akapita na sahani, akajaribu kutomtazama, na kule kutotazamwa kukamkera kuliko kutazamwa. Hapo mlango ukaimba, na mume wa Bunnam akaingia na keki, mwisho kabisa kapata pa kuegesha. Akasimama.

"Shemeji, vipi? Unaumwa?"

Deoksu akavuta blanketi mpaka kichwani.

Chini ya blanketi mlikuwa na giza na harufu ya mafuta ya nywele ya mama yake, na aibu ilimpanda mpaka akatamani jiwe lipasuke limmeze. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alikuwa amewanyoa wangapi? Akaanza kuwakumbuka. Bibi wa Songnae, aliyewekwa pembeni ya televisheni. Bibi wa jengo la sokoni. Na mzee mmoja, fundi viatu mstaafu, ambaye mkwewe alisema alazwe sebuleni, na Deoksu akasimama mlangoni akafumba jicho akasema, "Pale pale, panafaa." Mzee yule alimshika mkono akamuuliza kama hakuna hata pazia. Deoksu alicheka. Alimwambia, "Babu, una siri gani na umri huo?" na vijana wake wakacheka pia. Mzee hakucheka.

"Toka sasa," alisema mama karibu na sikio lake. "Yatosha."

Akaketi kitandani, hakuweza kumtazama.

"Usiku natoa meno," mama akasema, polepole, kwa sauti ambayo wote waliisikia kwa sababu mle ndani hapakuwa na mahali pa kutosikia. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikufa hajawahi kuniona bila meno. Sasa mjukuu wangu anapita, mkwe wangu anapita, kinywa kiko wazi. Mwanamke akizeeka haachi kuwa mwanamke. Mimi hapa nimelala kama bidhaa dirishani mwa duka. Kule jikoni ni baridi, lakini friji inanificha."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Wewe hukuuliza. Na ulikuwa umekifurahia mno hiki kitanda. Niliona nikisema, utaona umeshindwa."

Hilo ndilo lililommaliza. Alikuwa amevimba kifua miezi saba kwamba anamtunza mama, kumbe mama ndiye aliyekuwa akimtunza yeye na sifa yake, amelala ubavu juu ya sakafu baridi. Machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake aliyekuwa bado ameshika keki.

Bunnam hakungoja. Alikuwa amekwisha toa mkoba wa mama chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo. "Maneno yamekwisha," alisema. "Tulikubaliana. Mama, vaa koti."

"Supu kwanza," alisema mama.

Deoksu alifuta uso kwa fulana. Aliingia chumbani kwao, na sauti yake ikasikika kutoka huko: "Mama Ungi. Njoo unishikie upande huu."

Mkewe alijua kabla hajafika mlangoni. Chumbani mwao kulikuwa na kitu kimoja tu cha kushikwa na watu wawili: kabati lake la nguo, jeusi, limepambwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa, yamepangwa yakawa picha ya korongo wawili na msonobari. Mama yake aliuza ng'ombe kulinunua alipoolewa. Limehamishwa nyumba nne, na kila mara yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga mablanketi, hakumwachia mtu.

"Kabati langu?" akauliza.

"Hakuna kingine kirefu cha kutosha."

Akafungua milango, akaanza kutoa nguo na kuzirundika kitandani, haraka haraka, kama anavyofanya kwa mteja. Wakaweka blanketi chini ya miguu ya kabati, wakalivuta kwa pamoja, "haya, moja, mbili," mpaka sebuleni, mpaka mbele ya kitanda cha jiwe. Kwa mazoea Deoksu alikuwa akiligeuza ili korongo wawatazame wageni.

"Geuza," alisema Mama Ungi.

"Mgongo utaonekana."

"Na uonekane. Anayelala nalo ndiye auone uso wake."

Wakaligeuza. Sofa ikashushwa mpaka chini ya jengo, Deoksu na shemeji yake, ikabandikwa karatasi ya kuonyesha kwamba ni ya kutupwa. Televisheni ikawekwa juu ya friji ya kimchi. Na dirisha lote likabaki upande wa mama, pamoja na jua, hata ikabidi sebuleni iwashwe taa saa tatu asubuhi. Kilichobaki kwa watu wengine ni ukanda wa sakafu, ukuta upande mmoja na upande wa pili mgongo wa kabati, plaiwudi tupu yenye alama za chaki za uhamisho na doa la maji. Mteja angempeleka Deoksu polisi. Walikula supu ya mwani wamebanana, shemeji magoti yake yakigusa plaiwudi.

"Nyumba haina pumzi hata kidogo," alisema Deoksu.

"Pumzi yote iko kwa mama," alisema Mama Ungi.

"Linatisha kulitazama," alisema Bunnam, akijaza bakuli la pili. Mkoba wa mama ulikuwa bado umefunguliwa kando yake. "Mama, sema wewe. Unakuja Cheonan au huji?"

Mama alimaliza mwani wote kwanza.

"Mwaka mpya utanikuta hapa," alisema. "Nikiona haifai nitakupigia simu mwenyewe. Msinigombanie. Mimi si kabati."

Akainuka, akachukua mkoba wake, akapita pembeni ya plaiwudi, akapotea. Walimsikia akikaa kwenye jiwe. Halafu hawakusikia kitu, na wote watano walijikuta wakitega masikio kwa kutosikia huko, maana ilikuwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile.

Baadaye Deoksu alimenya peasi moja kubwa, akaikata vipande, akaipanga kwenye kisahani. Akaenda moja kwa moja kama alivyozoea, mguu mmoja umekwisha pita pembe ya kabati.

"Nani huyo?" sauti ya mama ikamsimamisha.

"Mimi, mama. Nimekuletea peasi."

"Nimekuuliza, nani anaingia?"

Nyuma yake, Bunnam aliacha kuosha bakuli. Uso wa Deoksu ukawaka moto mpaka upara. Akarudisha mguu. Akasimama upande wa plaiwudi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisahani mkononi, akaugonga mgongo wa kabati kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

"Hodi, mama."

"Subiri," alisema mama.

Akasubiri.